Mikono ya Mama Keki

Wenzangu, sogeeni niwasimulie habari ya nyumba moja iliyokuwa haina ugomvi na mtu, hadi picha moja ilipoiharibu.

Walikaa wawili tu, dada na mdogo wake wa kiume. Kila Jumamosi asubuhi ungewakuta jikoni. Dada anakanda unga kwenye beseni, mdogo wake kajibanza pembeni mwa meza na kompyuta yake, anaandika blogu. Dada alioka mikate na keki za kuuza, mtaa mzima ukimwita Mama Keki. Mdogo wake alikuwa na kazi kwenye duka la kuchapisha kadi na mabango, lakini dada alimwita Mwandishi, nusu utani, nusu fahari.

“Mwandishi, leo umepata wasomaji wangapi?”

“Kumi na mmoja.”

“Mmoja ni mimi. Mtoe.”

“Haya, kumi. Ukijitoa huko, na mimi nitoe kwenye wateja wako.”

“Wewe mteja? Umeshawahi kulipa?”

Mikono ya dada ilikuwa na makovu meupe, mabaka mabaka hadi viwikoni, na kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha. Aliungua akiwa msichana, siku mdogo wake wa miaka mitatu alipovuta sufuria ya maji ya moto na yeye akaidaka kwa mikono mitupu. Mwandishi hakupata kovu hata moja. Likumbukeni hilo.

Basi huko dukani mwenzake mmoja akampa ujanja. “Watu hawaji kwa maneno yako matamu. Wanakuja kwa picha. Angalia wanatafuta nini mtandaoni, weka picha, kisha ipe jina lilelile wanaloliandika.”

“Na kama picha yenyewe sina?”

“Weka inayofanana. Nani atakuja kukukagua?”

Siku zile watu walikuwa wakitafuta sana habari za ukoma. Mwandishi akaokoteza makala huku na huku, akachukua picha aliyompiga dada yake akikanda unga, akaikata ibaki mikono na pindo la aproni yenye vitone vyekundu. Chini yake akaandika: Dalili za ukoma mikononi. Roho ilimsuta kidogo. Akajiambia, uso hauonekani. Jamani, mtu akishataka kitu hakosi cha kujiambia.

Wasomaji wakamiminika kwa maelfu. Dada aliposikia idadi alifurahi hadi akamwokea keki ndogo ya pongezi. Hakuuliza wamefuata nini, wala hakuifungua blogu, maana siku hizo oda zilikuwa zimembana. Mwandishi akaila yote.

Haukupita mwezi, shule iliyochukua mikate kila asubuhi ikatuma ujumbe kwamba imepata mwokaji mwingine. Bibi harusi mmoja akaahirisha keki, halafu akanyamaza. Jirani alipokea mkate mlangoni, na kesho yake dada akaukuta kwenye pipa la taka, haujakatwa. Alipoona macho ya watu yanaganda mikononi mwake, akaanza kuvaa glavu. Watu wakazidi kuogopa.

Mwenye duka la pembeni ndiye aliyemwambia ukweli, macho yake yakiwa chini. “Dada yangu, mimi siamini. Lakini kuna picha mtandaoni, wateja wananionyesha. Aproni ni yako, na kile kidole ni chako.”

Dada alirudi nyumbani, akaketi mbele ya mdogo wake.

“Mwandishi, wewe unajua mambo ya mtandao. Kuna mtu ameniweka huko kuwa nina ukoma. Nitafutie ni nani. Nataka nimuulize tu nilimkosea nini.”

Mwandishi hakugusa kompyuta.

“Tafuta basi, mdogo wangu.”

“Dada, ni mimi.”

Dada hakupiga kelele. Aliitazama mikono yake muda mrefu, mbele na nyuma. “Mikono hii,” alisema, “wewe ndiye mtu pekee unayejua iliunguaje.”

Mwandishi akaifuta picha saa ileile. Akamsindikiza dada kwa daktari, akapata barua kwamba yale ni makovu ya moto, akaibandika kwenye blogu pamoja na kuomba radhi. Waliosoma hawakufika ishirini. Picha ilikuwa imeshachukuliwa na blogu nyingine, na hizo akiziandikia hazimjibu. Na hata dada angekuwa mgonjwa kweli, ukoma unatibika. Aibu ni ya waliomkimbia. Lakini nani alitaka kusikia hayo?

Oveni sasa imefunikwa kitambaa. Dada anapokea nguo za kupiga pasi, na anazipeleka akiwa amevaa nguo ya mikono mirefu hata jua likiwaka. Alimsamehe mdogo wake, alimwambia kwa kinywa chake. Ila Jumamosi, anapomwekea chai mezani, humpa kikombe akiwa amevaa glavu. Mwandishi amemsihi azivue mpaka amechoka.

“Nimeshazoea,” dada humjibu, na kugeukia pasi yake.

Funzo la hadithi hii

Ndugu msomaji, picha ya mtu ni mtu. Usiibandike jina lisilo lake ili upate wageni kwenye ukurasa wako, hata kama uso hauonekani, hata kama ni ndugu yako wa damu asiyekunyima kitu. Muulize kwanza, na useme kweli. Kuifuta ni kazi ya dakika moja, lakini walioiona huwezi kuwafuata mlango kwa mlango. Na wewe uliyeiona, kabla ya kuutupa mkate wa jirani yako, nenda kamuulize.