Kichupa cha Nazneen Kwenye Friza la Minyoo

"Poornima... nani kaandika hiki kichupa?!"

"Kwani vipi, dada? Mbona umebadilika hivyo?"

Kichupa kilinitoka mkononi. Ule mwandiko ni wa Nazneen, na Nazneen kazikwa mwaka jana!

Jamani, ngojeni niwaambie nilichokifanya.

Naitwa Sumedha. Nafanya utafiti wa minyoo hapa Bengaluru, vijinyoo vidogo hata kuviona ni shida. Nazneen tulikuwa meza moja, chapati moja ya dosa tunagawana. Yeye alisema vile vilango vinavyoingiza kalsiamu kwenye neva vikiachwa wazi mno mnyoo akiwa mchanga, viungio vya neva vya kutuliza misuli havikui vizuri. Mnyoo anakua hana breki.

Profesa akaniita. "Sumedha, rudia hesabu yake."

Nikarudia. Viungio tunavihesabu kama vidoa vinavyong'aa, na kila kidoa chenye mashaka mimi nikakihesabu, namba yangu ikapanda kuliko yake.

"Kapika namba huyu," nikamwambia Profesa.

Nazneen akaniuliza: "Ulifunika majina, Sume?"

"Usinifundishe kazi wewe!"

Sikufunika! Kwetu mwenzio anaziba majina ya sahani kwa utepe, unahesabu bila kujua mnyoo yupi ni yupi. Mimi nilijua... na nafasi yake nilikuwa naitaka.

Akafukuzwa. Miezi miwili tu, homa ya dengue ikamchukua. Kiti chake nikakikalia mimi.

Leo asubuhi Poornima, mwanafunzi mpya wa maabara yetu, kaniwekea sahani tatu, zote zimezibwa. Nikahesabu. Ya tatu minyoo haitulii, inajinyonganyonga, na vidoa vichache... vichache vilevile alivyosema marehemu!

"Hiyo imetoka kwenye hiki kichupa," Poornima akasema, akanipa, na ndipo kikanitoka mkononi. "Iliganda kwenye friza mwaka mzima. Nimeiyeyusha, ikaamka."

Minyoo yake imeamka. Yeye haamki ng'o.

Nikaokota kichupa. Tarehe ni ya siku aliyofukuzwa, na chini yake kaandika: "Ya Sumedha. Akitaka kurudia."

Nililia mpaka Poornima akafunga mlango wa maabara.

Nimemwandikia Profesa kila kitu, anifukuze akitaka. Hajajibu. Nikamwandikia na mama yake Nazneen. Huyo kajibu saa hiyohiyo:

"Mwanangu, alikuwa anakuulizia wewe mpaka siku ya mwisho."

Ndugu zangu, mkitaka kumhukumu mtu, zibeni jina lake kwanza. Mimi nimeziba, ila nimechelewa.