Gusa Kwanza, Ndipo Ujibu

Ndugu zangu, nipeni nafasi kidogo niwasimulie habari za nyumba iliyokuwa na amani mpaka cheo kilipobisha hodi.

Mwenye nyumba alikuwa rubani wa ndege ndogo za abiria kumi na wawili. Majirani walimwita Kapteni. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kwa sababu kopo lake la vifungo halikuwahi kwisha, wateja walimwita Mama Vifungo. Kila asubuhi Kapteni alisimama mlangoni na sare yake, naye mkewe akasoma orodha iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi.

"Leseni?"

Kapteni akagusa mfuko wa shati. "Tayari."

"Miwani?"

"Tayari."

"Chakula?"

"Tayari."

"Mwongo wewe! Hujagusa. Chakula kiko mezani kinakuangalia."

Wakacheka. Ndivyo marubani wafanyavyo kabla ya kuruka: mmoja anasoma, mwenzake anagusa kila kitu kwa mkono, ndipo anajibu. Anayejibu bila kugusa amedanganya, hata kama kitu kipo. Na mwisho kabisa wa orodha ile Mama Vifungo alikuwa ameandika "Mke?" Hapo Kapteni alimshika bega, akasema "Tayari," wakaomba Mungu pamoja, akaondoka.

Mwaka mmoja injini ilizimika angani, Kapteni akaishusha ndege kwenye barabara ya vumbi bila abiria hata mmoja kukwaruzika. Watu wakambeba juu juu. Uchaguzi ulipofika wakampa ubunge, na haukupita muda akawa waziri.

Wakahamia jumba lenye geti, walinzi na sebule ambayo sauti ilirudi yenyewe ukiongea. Mama Vifungo alilibandika lile boksi nyuma ya mlango. Asubuhi ya kwanza akaanza, "Leseni?"

"Mama watoto, sirushi tena ndege," mumewe alisema, simu sikioni. "Mambo yangu yote anayo msaidizi."

Watoto walikuwa wamekwishaoa na kuolewa mbali. Wateja waliogopa geti. Cherehani ikafunikwa kitambaa, na mwanamke aliyezoea kelele za watu kutwa nzima akabaki kusikiliza friji.

Siku moja alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Akamwambia mumewe, "Jicho la kulia lina ukungu, na kichwa kinauma upande huohuo."

"Pole. Msaidizi atakupangia hospitali."

Jumanne aliyopangiwa, Mama Vifungo alioga, akavaa vizuri, akakaa sebuleni na mkoba mapajani. Gari halikuja. Akapiga simu.

"Linakuja, Mama," msaidizi alisema. "Limechukuliwa kidogo kwenye msafara."

Akakaa mpaka jua likahama dirisha. Wiki iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata pia. Mara moja alijaribu kutoka kwa miguu, mlinzi akamwangukia miguuni. "Mama, usinikoseshe kazi. Mheshimiwa alisema mwenyewe hutoki bila gari la serikali."

Jioni moja akiwa dirishani, alimsikia mumewe akishuka garini na kumwuliza msaidizi. "Mama alikwenda hospitali?"

"Tayari, Mheshimiwa," akajibu msaidizi.

"Safi sana."

Mama Vifungo angeweza kufungua dirisha na kusema. Hakusema. Moyoni alitaka mume wake amtazame mwenyewe, aone mwenyewe. Wenzangu, nanyi mnajua jinsi kinyongo kinavyokaa shingoni mtu akashindwa hata kukohoa. Alikwenda chumbani akapiga magoti, akamlilia Mungu, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki kumsikiliza.

Siku zikaenda. Mchana mmoja redio ikatangaza mabadiliko ya mawaziri, na jina la mumewe halikutajwa. Saa nane alirudi na teksi. Alimpigia msaidizi mara tano, simu ikaita bure.

"Hata yeye hapokei," alisema, akijitupa kitini. "Nimebaki peke yangu."

"Karibu," mkewe alijibu. "Mimi nilitangulia."

Akamimina chai. Chai ikapita kando ya kikombe, ikatiririka mezani hadi kwenye suruali ya mumewe. Yeye aliendelea kumimina.

"We! Huoni?"

"La kulia halioni. Mwezi wa pili sasa."

"Si ulikwenda hospitali?"

"Nani kakwambia?"

Mumewe akakumbuka ile "Tayari" ya msaidizi. Kisha akanyanyuka, akaenda nyuma ya mlango, akalisoma lile boksi mpaka chini. Alirudi akapiga magoti mbele ya kiti cha mkewe.

"Nisomee," alisema.

Mama Vifungo hakuhitaji kuona. "Mke?"

Mwanamume aliyeshusha watu kumi na wawili salama alimshika bega, akahisi mfupa pale palipokuwa na nyama. Hakuweza kusema tayari.

"Sikukagua," alisema, na machozi yakamtoka. "Nisamehe. Sikukagua."

"Nami nilinyamaza," alisema mkewe. "Niitie teksi twende hospitali."

Daktari aliwaambia ni presha ya jicho, na kwamba la kulia halitarudi. La kushoto likaokolewa zikiwa zimebaki siku chache tu nalo lipotee. Leo wanaishi tena katika nyumba ndogo. Kila asubuhi mumewe humtungia uzi, na kabla hajampa sindano huuvuta kwanza kwa vidole aone kama umepita kweli.

FUNZO

Wapendwa, cheo ni dhamana kutoka kwa Mungu, lakini hakuna cheo kinachoruhusu mtu amkabidhi mwenzake wa ndoa kwa msaidizi. Mpendwa wako usimwulizie kwa watu. Nenda mwenyewe, mguse, mtazame usoni. Nawe unayeumia, usikae ukingoja kuonekana. Sema ungali na jicho la kuokoa. Mungu atujalie kurudi nyumbani kabla redio haijaturudisha.