Chumvi Kwenye Gome la Mzeituni

Kila alfajiri, kabla ya kuvaa sare ya shule, Munyiva alichukua chupa ya kunyunyizia maji na kuingia katika kibanda cha okidi. Kibanda hicho kilisimama ubavuni mwa kilima cha Iveti, juu ya mji wa Machakos, nacho kilikuwa kimeezekwa kwa matete ili jua lisiyaunguze maua. Humo hamkuwa na udongo wala vyungu. Baba yake, Mwangangi, aliziokota okidi hizo kwenye miti iliyoangushwa barabara ilipopanuliwa, akazifunga moja moja juu ya vipande vya mzeituni mwitu, mti wenye gome la kukwaruza lisilobanduka upesi. Mizizi aliifunga kwa nyuzi za mkonge, ambazo nyanya yake Munyiva, bibi Kalekye, alizisokota pajani kama alivyosokota nyuzi za vyondo, vikapu alivyosuka.

Kazi ya Munyiva ilikuwa kuinywesha mizizi. Mzizi wenye kiu huwa mweupe kama jivu; ukipata maji, hugeuka kuwa wa kijani papo hapo. Munyiva, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, hakutoka kibandani mpaka okidi zote ishirini na saba zilipokuwa zimegeuka.

Mwaka huo wa 2000 mvua ilikatika, tangi la maji ya mvua likakauka. Mwangangi akamwita bintiye.

"Kuanzia leo okidi zitakunywa maji ya chemchemi peke yake. Maji ya pampu ya shuleni yana chumvi. Ng'ombe huyastahimili, okidi hazitayastahimili. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Kusikia kulikuwa rahisi. Chemchemi yenyewe ilikuwa uwanja wa vita. Watu walisukumana, mitungi ikagongana, na mwenye nguvu ndiye aliyeteka. Siku ya tatu Munyiva alimkuta huko Nzilani, msichana wa darasa la saba mwenye mabega mapana kama ya mpasua kuni.

"Tazameni, binti wa maua amekuja!" Nzilani alisema kwa sauti. "Sisi tunatafuta maji ya ugali, yeye anatafuta ya kunywesha vijiti!"

Wenzake wakaangua kicheko. Munyiva akaona haya, na haya ikageuka kuwa hasira. Akamsukuma Nzilani kifuani. Hilo ndilo lililokuwa likingojewa. Nzilani alimshika kwa ukosi, akamburura juu ya mawe, akamtwanga ngumi mbili za mbavu na ya tatu ya pua. Damu ikamtiririka hadi kidevuni. Kisha akaupiga teke mtungi wa Munyiva, ukabingirika mteremkoni na kupasuka.

"Rudi hapa tena," Nzilani alimwambia akiwa amemsimamia, "ndipo utakapojua kwamba leo nilikuwa ninacheza."

Munyiva hakurudi. Nyumbani alisema kwamba alikuwa ameanguka. Tangu siku hiyo, kila jioni, aliteka maji ya pampu ya shuleni, ambako hapakuwa na foleni wala ngumi.

"Umetoka chemchemini?" baba yake alimuuliza kila jioni.

"Ndiyo, Baba."

Yakapita majuma matatu. Jumatano moja sauti ya Mwangangi ilinguruma kutoka kibandani hata kuku wakatawanyika. Majani ya okidi yalikuwa yamekunjamana na kuwa manjano kana kwamba yamebabuliwa kwa moto.

"Nani ameziua?"

Ni kweli kwamba katika nyumba hiyo kulikuwa na mtu aliyewahi kuzitishia okidi. Kimeu, mtoto wa marehemu dada yake Mwangangi, aliyelelewa hapo na aliyekuwa darasa la nane, alisema Jumapili moja wakiwa mezani: "Maua haya yanaoga kila siku na mimi ninanuka kama beberu! Siku moja nitayamwagia mafuta ya taa, tuheshimiane." Wote walicheka, isipokuwa Mwangangi.

Sasa Mwangangi alikumbuka. Akamgeukia bintiye.

"Munyiva, umemwona Kimeu humu ndani?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi. Lakini mkononi mwa baba yake mlikuwa na bakora ya mzeituni, nene, bado ina gome lake.

"Ndiyo," Munyiva alinong'ona. "Nilimwona akinyunyiza kitu."

Kimeu alikuwa akipasua kuni. Hakuulizwa hata swali moja. Bakora ilimshukia mabegani, mgongoni, juu ya sikio, na mikononi alipojaribu kujikinga. "Mjomba, si mimi! Haki ya Mungu, Mjomba, si mimi!" Shati likapasuka, na mahali lilipopasuka pakatoka damu. Bibi Kalekye alikuja mbio, nyuzi za mkonge zikiwa bado mkononi.

"Mwangangi! Umeitazama mizizi yenyewe?"

"Nimeyatazama majani, Mama. Yanatosha."

Alipochoka kupiga, alitoa hukumu. Jumamosi asubuhi Kimeu angepelekwa Masinga, kwa ndugu za babake, akachunge mbuzi. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu. Kuondoka wakati huo kulikuwa sawa na kuitupa miaka minane ya masomo.

Ijumaa jioni sanduku la Kimeu lilikuwa tayari limefungwa kwa kamba. Munyiva aliingia kibandani kuweka chupa yake ya maji ya kesho, akamkuta binamu yake amesimama kati ya okidi.

"Uliniona," Kimeu alisema polepole. "Uliniona lini? Siku gani? Nilikuwa nimevaa nini?"

"Toka! Nitamwita Baba!"

"Mwite. Mgongo wangu umemzoea. Lakini uniambie kwanza, mwongo wewe, nilinyunyiza nini?"

Munyiva aliinama, akaokota jiwe. Alilirusha kwa nguvu zake zote. Likampata Kimeu juu ya sikio, palepale penye uvimbe wa bakora. Kimeu aliguta kwa uchungu, akamsukuma kwa mikono miwili. Munyiva alirudi nyuma akipepesuka, akagonga waya uliotundikiwa okidi. Kipande kizito cha mzeituni kikabembea na kumpiga mdomoni.

Mdomo ukapasuka. Lakini uchungu wa pigo haukuwa kitu. Uchungu uliofuata ndio uliomfanya apige ukelele, maana jeraha lilimwasha kama lililotiwa kaa la moto. Alijilamba, akaonja damu, na pamoja na damu akaonja chumvi. Akakitazama kile kipande cha mti. Gome lote lilikuwa limefunikwa unga mweupe, ambao alikuwa akiudhani kuwa weupe wa kiu, na chini ya unga huo mizizi mingi ilikuwa ya kahawia, imeungua hadi kwenye ncha. Kila asubuhi kwa majuma matatu alikuwa ameipaka mizizi hai kile kilichokuwa kikimwasha mdomoni sasa.

Kimeu alisimama akishika sikio, damu ikipenya katikati ya vidole vyake. Damu hiyo, pia, Munyiva ndiye aliyeimwaga.

Alikifungua kipande hicho kutoka kwenye waya, akakipeleka uani, ambako baba yake alikuwa ameketi, bakora ikiwa miguuni pake.

"Baba," alisema, damu ikimdondoka kidevuni, "lamba hapa."

Mwangangi alimtazama, akagusa gome kwa ncha ya ulimi. Uso wake ukabadilika.

"Maji haya ni ya wapi?"

"Ni ya pampu. Nilipigwa kule chemchemini, nikaogopa kurudi."

"Na Kimeu?"

"Sikumwona. Nilisema uongo."

Mwangangi akainuka, na bakora ikainuka pamoja naye. Munyiva alifumba macho, lakini hakukimbia.

"Mpige," ilisema sauti ya bibi Kalekye kutoka mlangoni. "Mpige, mwanangu. Ila utuambie kwanza ni nani atakayekupiga wewe. Umempasua mgongo mtoto wa dada yako kwa jambo ambalo ulimi wako umeligundua kwa kugusa mara moja tu."

Bakora ilikaa juu kwa muda, kisha ikashuka polepole. Mwangangi akaenda hadi alipokuwa Kimeu, akalitazama shati lililopasuka na sikio linalovuja damu.

"Mwana wa dada yangu, nimekukosea."

"Mgongo bado unauma, Mjomba," Kimeu alisema. "Lakini sanduku nitalifungua mwenyewe."

Jumamosi, badala ya kwenda Masinga, Mwangangi aliandamana na Munyiva hadi chemchemini. Alizungumza na wazazi wengine, wakakubaliana kwamba mitungi ipangwe mstari mmoja na kila mtu ateke kwa zamu yake. Nzilani alinuna, lakini mtungi wake aliupanga. Waliporudi na maji, wote waliosha magome na kukata mizizi iliyokufa kwa wembe. Okidi nane zilikuwa zimekwisha kufa. Kumi na tisa zilifungwa upya.

Ya mwisho kufungwa ilikuwa ile iliyompasua Munyiva mdomo. Mwangangi hakuirudisha kwenye gome lake la zamani. Aliileta bakora, akaikata vipande viwili, akailaza okidi juu ya kile kilichokuwa kinene zaidi. Kimeu alishika mizizi. Munyiva alizungusha uzi.

"Usikaze sana," bibi Kalekye alionya, kisha akawatazama wote watatu. "Munyiva, ngumi za Nzilani zilikuumiza siku moja. Uongo wako umempiga Kimeu, umeua okidi nane, na ungemnyima mtihani. Ukiogopa, sema kwamba unaogopa. Hofu iliyosemwa hupata msaidizi. Nawe, Mwangangi, kumbuka kwamba mzazi anayepiga kwanza na kuuliza baadaye humfundisha mtoto wake kudanganya. Mizizi ikiishika bakora hiyo, asiwepo mtu wa kuiinua tena."

Mwangangi aliinamisha kichwa. Kisha akaitundika bakora mlangoni pa kibanda, na Munyiva akainyunyizia maji mpaka mizizi iliyosalia ikawa ya kijani.