Kalibu Iliyofungwa Miaka Kumi na Moja

Beseni la kwanza lilitoka na alama ya mgongo.

Irshad aliligeuza dirishani. Lilikuwa la kuogeshea watoto, bado la moto. Mshono mwembamba ulilizunguka pale nusu mbili za kalibu, chuma cha kufinyangia plastiki, zilipokutana, na chini yake kulikuwa na viduara vinne vilivyoachwa na pini za kulisukuma nje. Hayo ya kawaida. Lakini katikati palibonyea mabega mawili madogo na kisogo, kana kwamba kichanga kililala humo kabla plastiki haijaganda.

"Kalibu chafu hiyo," alisema Waisale, msimamizi wa zamu, Mfiji mnene mwenye mzaha usio na saa. "Au mkeo keshajifungulia humu? Futa, bwana, tuendelee."

Irshad hakucheka. Mkewe Tabassum alikuwa na mimba ya miezi minane, baada ya tatu kuharibika. Irshad alipapasa ndani ya kalibu. Chuma kilikuwa laini kama kioo.

Kalibu yenyewe ilikuwa imekaa nyuma ya kiwanda miaka kumi na moja, imefungwa chini ya turubai. Bibi yake Irshad, kule mashamba ya miwa ya Lautoka, alimfundisha kwamba hata sufuria iliyokaa muda haifunuliwi bila bismillahi, kwa sababu penye uwazi na giza jini huhamia. Asubuhi ile Waisale alimharakisha, naye akasahau. Sasa aliogopa.

Mashine iliendelea. Chembe za plastiki zilishuka kwenye faneli, skrubu ikazisukuma penye moto zikayeyuka, uji wake ukashindiliwa ndani ya kalibu, maji yakaupoza, kalibu ikaachama. La ishirini lilikuwa na ubavu. La arobaini lilikuwa na shavu, na kila kalibu ilipofunga ilisikika pumzi ikivutwa ndani ya chuma, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikatanda mpaka kina mama wa kufungasha wakajiziba pua kwa vitambaa vya vichwani na kuacha kazi mmoja mmoja bila kuaga.

"Linajigeuza," Irshad alinong'ona. "Kaka Waisale, linatafuta kututazama."

Mzaha ulikuwa umekwisha. "Mchungaji wangu ataanza na mahubiri," Waisale alisema kwa sauti ya chini. "Mlete wa kwenu. Upesi."

Shehe Jalil alifika kesho yake asubuhi.

"Shehe, mtoto wangu yu karibu kuja," Irshad alimsihi. "Litoe kabla."

"Kutoka litatoka, mwanangu. Lakini limezoea kukaa mahali palipofungwa, penye giza na joto. Litatafuta pengine kama hapo. Acheni lango wazi, na mtu asisimame pale."

Alisoma, akanyunyiza maji, akamwashiria Irshad abonyeze kitufe. Kalibu ikaachama kwa kilio, na kitu kama mvuke kikawapita usoni, kizito, kikinuka maziwa, kikamfanya Waisale apige magoti akimwita Yesu, kikaelekea langoni kwenye mwanga, ambako Tabassum alikuwa amesimama na kopo la roti mkononi, kwa kuwa mumewe alitoka bila kula.

"Mbona mnanitazama hivyo?" aliuliza. Kisha akashika tumbo, akatabasamu. "Amecheza!"

Beseni lililofuata lilitoka safi. Shehe hakulitazama. Alikuwa akifunga kitabu chake.

"Shehe, soma tena!" Irshad alimkamata mkono. "Litoe!"

"Kwa njia gani?" mzee alinong'ona, machozi yakimlenga. "Mashine ina kitufe cha kufungulia. Mkeo hana."

Wiki tatu baadaye mkunga alimpa Irshad mtoto wa kiume, mzito, wa moto mno, asiyelia. Alimfunua. Mshono mwembamba ulianzia utosini, ukashuka nyuma ya masikio, ukafuata mbavu hadi visiginoni. Mgongoni kulikuwa na viduara vinne.

"Mwadhinie, baba," Tabassum alisema kitandani, akilia kwa furaha. "Tumempata, hatimaye."

Irshad aliinamia sikio la kulia. Ndani yake alisikia pumzi ikivutwa. Akafungua kinywa, na kwa mara ya pili bismillahi haikumtoka.