Kidole cha Mjane

Badawi alikufa baada ya kudungwa sindano, akazikwa kabla ya alasiri, kwa hiyo Inspekta Bochaberi hakukuta maiti. Alikuta pengo. Katika faili la marehemu, kwenye mfumo mpya wa mtandaoni wa zahanati ya Wiyoni, onyo kwamba asidungwe penisilini lilifutwa jioni ya maziko. Akaunti iliyolifuta ilikuwa ya Zamzam, muuguzi wa hapo na mjane wake.

"Shemeji anamficha daktari Harith aliyemdunga," alisema Mahdi, nduguye marehemu. "Wana lao jambo."

Mji ukaamini papo hapo. Kumchafua mjane hakuhitaji ushahidi. Kamanda akaamuru Zamzam atolewe eda kwa pingu.

Bochaberi alimwendea kwanza Fanuel, fundi aliyeuweka mfumo.

"Akaunti moja inafungua nini?"

"Kila kitu, Madam. Faili, dawa, likizo. Unaingia mara moja tu. Unaandika nywila, simu yako inauliza, 'Ni wewe?' Ukibonyeza Ndiyo, basi."

"Nywila yake nani anaijua?"

"Alikuwa nyumbani akimuuguza mumewe. Nilimpa Harith amfikishie."

"Na onyo lilifutiwa wapi?"

Fanuel alitazama kioo cha kompyuta. "Kwenye kipakatalishi cha Harith."

Nyumbani kwa Zamzam, Bochaberi alivua viatu akapita pazia, ambapo askari wanaume wasingepita.

"Bi Zamzam, ulibonyeza Ndiyo?"

"Nalibonyeza. Bwana Harith alikuya dakani, hapo mlangoni, akanambia nyuma ya pazia, ni likizo yako ya eda, bonyeza ipite. Nami nali nikilia. Sikusoma."

Kwenye mfumo hakukuwa na likizo iliyoombwa. Bochaberi aliichungulia simu: lilikuwamo lile swali la 'Ni wewe?' tu, la jioni ya maziko.

Zahanatini, Harith hakubisha sana.

"Uliliona onyo kabla ya kumdunga?"

"Sikufungua faili. Nilikuwa na haraka."

"Na baadaye?"

"Ningenyang'anywa leseni. Bila onyo, ni ajali tu."

"Kwa nini akaunti yake?"

"Yangu ingenitaja." Aliinamisha kichwa. "Na nilijua hatasoma. Mwenye msiba hasomi."

Bochaberi alimfunga pingu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Habari hiyo mji uliipokea kwa miayo. Mahdi alituma salamu, hakuja. Bochaberi alirudi mwenyewe kumweleza mjane.

"Lile onyo naliliandika mimi," Zamzam alisema. "Kwa mkono wangu, nilipoolewa. Kama Bwana Harith angalilisoma, Badawi angalikuwa hai?"

Inspekta alitamani kudanganya.

"Angekuwa hai, Bi."