Amri ya Nane Aliyoificha Mutua

Enyi mliosoma na kujua kazi za watu, sikieni ya Mutua, kisha kila mmoja ajiangalie.

Ilikuwa asubuhi tulivu mwaka wa 1997. Mutua, fundi wa mitambo kutoka Machakos, alikuwa akinywa chai na mkewe Mugure nje ya zahanati ndogo alikofanya kazi, iliyo kati ya Lodwar na Kakuma. Mimba ya Mugure ilikuwa ya miezi minane, na alikuwa akiicheka miguu yake iliyovimba. Mvua ya El Niño ilikuwa imejaza laga, ule mto wa mchanga unaokauka kiangazi, na kuifunga njia ya Kakuma, ila ya Lodwar ilipitika. Mutua alikuwa anakwenda huko kwa siku tatu, kwa gari pekee la zahanati.

Kipaza sauti cha redio kilikuwa kimekufa. Ujumbe wote ulipitia kompyuta ndogo ya Linux iliyounganishwa na redio hiyo, na kila asubuhi ilikataa kushika mawimbi mpaka ipewe amri nane. Mkubwa wa zahanati alimwagiza Mutua amwandikie amri hizo karani, Nyakuoth, mkimbizi kutoka Sudan mwenye akili kali. Mutua akaandika saba.

Ndiyo, saba. Ya nane aliibakiza kichwani makusudi, maana aliona akiitoa, kesho hatahitajika.

"Fuata hii, dada," alimwambia. "Ikikataa, hayo ni mambo ya wataalamu."

Siku ya kwanza Lodwar haikupata ujumbe wowote. Mutua alikaa mbele ya kompyuta ya huko akitabasamu.

"Huko kimya sana," alisema Mike, mtunza stoo. "Si twende tuwacheki? Mama ako na mimba."

"Wacha wakwame kidogo. Wakubwa wajue Mutua ni nani."

Siku ya pili kimya kilimfurahisha zaidi, akala nyama choma na kuagiza nyingine. Saa hiyo mkewe alikuwa akivuja damu. Nakasirika hata ninapoyasimulia.

Aliporudi siku ya tatu, Nyakuoth alimpokea mlangoni. Karatasi mkononi mwake ilikuwa imelowa jasho, alama za kalamu zimejaa kando ya kila amri.

"Bwana Mutua, mama alianza kutoka damu jana asubuhi. Chuol, mlinzi wetu, alijaribu kuvuka laga atafute msaada Kakuma, maji ikamrudisha. Mimi nilifanya hii yote saba, mara kumi na tisa. Nilitaka tu gari ikuje. Nilikosea wapi?"

Mugure alikuwa ndani, amefunikwa shuka mpaka usoni, na mtoto wake kando, naye amefunikwa. Mutua alipiga magoti kando yao.

"Nionyeshe," alisema Nyakuoth akilia. "Hii kompyuta isiue mwingine."

Watu wote wakimtazama, Mutua aliandika amri ya nane. Kompyuta ikashika mawimbi papo hapo. Ujumbe wa kwanza kufika Lodwar uliomba mbao za majeneza mawili.

MAFUNZO

Ndugu zangu, ujuzi unaofichwa ili mtu aonekane mkubwa ni ukatili. Unayemfundisha kazi, mfundishe yote, hata kama utaogopa atachukua nafasi yako. Mutua hakunyang'anywa kazi. Anayo mpaka leo, na kila jioni huirudia nyumba isiyo na mtu.