Kitanda Kimejaa

Mama mdogo wangu ni fundi cherehani. Mumewe alikuwa mpiga chapa. Wakubwa wa serikali walichukizwa na karatasi moja iliyotoka kiwandani kwake, wakawakamata wafanyakazi wote, wakawafunga. Aliyerudi ni mumewe peke yake.

Tangu arudi alilala ubavu, kifua ukutani, ukingoni mwa kitanda cha watu wawili. Mkewe akipanda, alimzuia kwa kiwiko, taratibu. Mama mdogo akahamia mkekani sebuleni.

Siku moja alinunua godoro jipya. Baada ya chakula cha mchana akalitandika, na mumewe akalala vilevile, kifua ukutani.

“Bwana wee, umeoa ukuta?”

“Hakuna nafasi, mke wangu.”

“Nilikungoja ulipokuwa kule. Sitakungoja tena humu ndani. Leo nalala hapa, au narudi kwa dada.”

Dada huyo ni mama yangu.

Mama mdogo akajilaza nyuma ya mumewe. Dirisha lilikuwa wazi. Watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira. Safari hii kiwiko hakikuja.

“Kule tulilala tumebanana,” baba mdogo alisema, kama mtu aliyechoka kusimulia kabla hajaanza. “Huwezi kugeuka peke yako. Mmoja anasema, wote mnageuka.”

“Nani alikuwa anasema?”

“Mimi. Bega langu bovu.”

Usingizi ukaanza kumchukua mama mdogo. Ndipo mumewe aliponong'ona:

“Geukeni.”

Godoro likapanda, likashuka. Baba mdogo alikuwa bado hajatikisika.

Nyuma ya mama mdogo mtu alivuta pumzi. Kisha mwingine. Kisha mwingine, mbali kuliko ukingo wa kitanda. Goti likamgusa. La baridi.

Hakupiga kelele. Alifumba macho, akageuka. Kwa walivyobanana, asingeweza kufanya lingine.

Jioni alilitoa godoro uani, akaniita. Lilikuwa na mabonde marefu, bega na nyonga, bega na nyonga, yote yameelekea upande mmoja. Godoro la siku moja. Mengi yalikuwa membamba, yamesongamana. La mama mdogo lilikuwa pana.

Baba mdogo alisimama mlangoni, akalitazama.

“Wamekupisha,” alisema.

Mama mdogo hakurudi kwa dada yake. Mkeka umekunjwa, na mabonde hayajainuka. Juzi niliwatembelea mchana, nikawakuta wamelala. Nilipokuwa nikisubiri sebuleni nilisikia chumbani neno lile, likinong'onwa. Kitanda kikalia kwa muda mrefu.

Sauti ilikuwa ya mama mdogo.